Siku Tatu za Matanga Ndani ya Kompyuta

Mwaka wa 1990, nikiwa na miaka thelathini na tisa, mashine ya kukamua mkonge ilinichukua vidole viwili vya mkono wa kushoto, na shida zangu zikaanza hapo. Kabla ya siku hiyo nilikuwa maskini tu, na umaskini mtu anauzoea. Kampuni ilinipa blanketi na barua. Barua sikuweza kuisoma kwa sababu ilikuwa ya Kiingereza. Blanketi lilikuwa zuri.

Naandika haya kwa nyinyi mnaoshika vyumba vya gemu hapa Voi, na Mwatate, na Taveta, na zaidi kwa wale wawili watatu mnaosema mnataka kutengeneza gemu zenu wenyewe. Nimeacha kazi mwezi uliopita kwa sababu macho yamekataa. Mambo ya nani alipanda cheo na nani alilipwa ngapi mtayasikia kwa wengine. Mimi shule niliacha darasa la tatu. Kiingereza sikujua na sijui mpaka leo, na mkisikia mtu anasema Mwakio alijifunza Kiingereza kwenye gemu, huyo ni mwongo. Lakini gemu niliijua. Niliijua kuliko watu waliosoma mpaka chuo, na hilo sitaomba radhi kulisema.

Kazi ya mikono nilifundishwa na mzee mmoja fundi wa saa na redio, Mzee Shali, aliyekuwa na meza yake karibu na stesheni ya reli. Alinipokea na vidole vyangu vinane bila kuviulizia. Neno lake lilikuwa moja, na alilisema kila siku mpaka nikachoka: usifungue kitu kabla hujajua kilipokuwa kizima kilikuwa kinafanya nini. Alikufa mwaka uliofuata. Mimi nikarithi bisibisi tatu na hilo neno.

Bisibisi hizo ndizo zilizonipeleka kwa Bi Rukia. Alikuwa na ofisi ya kupiga chapa nyuma ya soko, chumba kimoja katika nyumba ya marehemu baba yake. Watu wake ni Waislamu waliotoka pwani zamani wakakaa Voi kwa biashara. Yeye alisomea upigaji chapa Mombasa, akarudi, akaanza kuwaandikia watu barua za kuomba kazi, za korti, za mashamba. Taipu yake moja ilikuwa imevunjika mkono wa herufi a. Siku ya kwanza nilikaa chini ya meza yake saa nne nzima. Nilipomaliza alipiga mstari mmoja, akautazama, akasema, "Mashallah. Kesho uje uitazame na ile nyingine." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Yeye aliniita Baba Wakesho, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Mimi nilimwita Bi Rukia ingawa nilimzidi miaka kumi, kwa sababu chumba kilikuwa chake.

Kompyuta ilifika mwaka wa 1992. Ofisi moja ya Mombasa ilifungwa, vitu vikauzwa, na Bi Rukia akanunua mashine moja ikaja kwa treni ndani ya sanduku la chai. Kioo chake kilikuwa cheusi na maandishi ya kijani. Betri ya saa ilikuwa imekufa, na ya kubadilisha haikupatikana. Kwa hivyo kila asubuhi, mashine ikiwashwa, iliuliza leo ni tarehe ngapi, na Bi Rukia akaiambia, kama mwalimu anayeita majina. Angeiambia ni Krismasi, ingekubali. Mkumbuke hilo, kwa sababu nitalirudia kwa uchungu.

Katika sanduku la chai kulikuwa na diski mbili ambazo si za kazi. Aliyeziacha hatukumjua. Zilikuwa gemu za aina mnayoijua: unapewa watu, unawapa majina, unagawa nguvu, akili na bahati, kisha unawatembeza ndani ya dunia wasioijua mpaka wafanikiwe au wafe. Lakini za wakati ule hazikuwa kama zenu. Picha haikuwapo, au ilikuwa mistari tu. Kioo kiliandika kwa Kiingereza: uko ndani ya pango, mlango uko kaskazini, kuna harufu mbaya. Basi. Uende wapi? Hakuna aliyekwambia. Ulipiga hatua ukaandika mwenyewe. Watu walikuwa sita, si shujaa mmoja mwenye kifua, na ukiwachagua vibaya siku ya kwanza uligundua ubaya wako baada ya wiki mbili.

Tukagawana kazi. Bi Rukia alisoma kwa sauti kwa Kiswahili, mimi nilichora ramani. Nilinunua madaftari ya hesabu yenye miraba, mraba mmoja hatua moja. Nilikuwa nimechunga mbuzi milimani nikiwa mtoto, na mchungaji hubeba ramani kichwani. Watu waliokuja kuandikiwa barua walianza kukaa. Barua ikiisha hawaondoki. Mara wanabishana waende kushoto au kulia. Tukaamua wawe wanakuja saa kumi, kazi ya chapa ikishaisha, na kila mmoja awe na mtu wake mmoja kati ya wale sita, kwa jina lake mwenyewe.

Aliyeshinda wote kwa kelele alikuwa Ndolo, dereva wa lori, Mkamba mwenye nyumba Maungu. Akipita kwenda Nairobi au kurudi alisimamisha lori, akaingia akiwa na vumbi mpaka kope. "Mwakio, niko hai?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Namjibu, "Uko hai, una njaa." "Basi gemu inanijua."

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa ya fuvu. Tulifika katika pango ambapo mafuvu ya watu yamepangwa juu ya jiwe, na mlango hautafunguka mpaka ulichukue moja uende nalo. Bi Rukia akasoma. Kati ya waliokuwapo wanne tulikuwa Wadawida, wanaoitwa Wataita, na kwetu, zamani, kichwa cha mzee kilifukuliwa kikawekwa kwenye pango la ukoo, na pango lile huendi kucheza. Babu wa baba yangu yumo. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, lakini kichwa cha babu ni kichwa cha babu.

"Chukueni basi," Bi Rukia akasema. "Yataka fuvu."

"Mimi sitii mkono," nikasema.

"Ala! Si mkono wako, Baba Wakesho. Ni herufi ya C."

"Bonyeza wewe."

Akatazama kibodi, akatutazama sisi, akaondoa kidole. Ndolo akacheka mpaka akakohoa. Akasema Wataita wameshindwa na jiwe. Lakini hata yeye hakubonyeza. Tulikaa mbele ya mlango ule miezi mitano. Tulitafuta njia nyingine kila ukuta, hatua kwa hatua, madaftari mawili yakaisha. Njia nyingine haikuwapo. Aliyetengeneza gemu ile hakufikiri kwamba kuna watu duniani ambao hawatachukua.

Hapo ndipo neno la Mzee Shali liliponirudia. Nilijiuliza gemu hii ikiwa nzima inafanya nini. Nikaona haifanyi kitu kikubwa. Inauliza swali, inangoja, inahesabu, inajibu. Maswali yanatoka kwa mtu, na mtu anaweza kuwa Mwakio. Nikamwambia Bi Rukia tutengeneze yetu, kwa Kiswahili, milima yetu, na kwenye pango mlango ufunguke ukiwa umesalimu na kungoja, si ukiwa umeiba. Alinitazama sana. Kisha akachukua kitabu kilichokuja na mashine, kile cha kueleza jinsi ya kuiandikia kompyuta amri, akaanza ukurasa wa kwanza siku hiyo hiyo.

Ilituchukua miaka mitatu. Nitawaambia tulivyofanya kwa sababu nyinyi mnaanza kwenye kioo, na hilo ni kosa. Sisi tulianza sakafuni. Nilichora miraba kwa chaki, vizibo vya soda vikawa watu, punje za mahindi zikawa nguvu zao, na kete moja ikawa bahati. Tulicheza kila mahali sakafuni mara ishirini kabla Bi Rukia hajaandika mstari mmoja. Mahali palipochosha tulipafuta kwa kitambaa chenye maji. Ukifuta chaki hulii. Ukishaandika mistari mia mbili unaanza kuitetea hata ikiwa upuuzi. Umeme ukikatika tuliendelea sakafuni. Mimi nilitunga, yeye aliandika, na alinikatalia mara nyingi. "Hilo mashine haiwezi," alisema, au, "Hilo mashine yaweza, ila ni baya." Mtu wa kukukatalia ni chombo cha kazi. Msikose mmoja.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa juu ya kifo. Katika gemu zile za sanduku, mtu wako akifa wanaobaki wanamruka, wanahesabu dhahabu, wanaendelea. Au wanambeba mpaka kwa kuhani, wanalipa, anafufuka. Mimi jambo hilo liliniuma tangu siku ya kwanza. Kwetu mtu akifa kazi inasimama. Jembe linawekwa chini. Nikasema katika gemu yetu mmoja akifa tunakaa matanga, na mpaka matanga yaishe mashine haimtembezi mtu yeyote. Na siku ziwe siku za kweli, za kalenda.

"Siku ngapi?" akauliza Bi Rukia.

"Wiki."

"Wiki! Kwetu sisi maiti azikwa siku ile ile."

"Kwetu tunangoja watu wa Nairobi wafike."

"Watu gani wa Nairobi wamo kwenye gemu, Baba Wakesho?"

"Hata hivyo."

"Siku moja."

"Siku tano."

Akafikiri. "Tanga la siku tatu hata sisi tunalo. Tatu, na sishuki wala sipandi."

Tukakubaliana tatu. Aliandika hivi: mtu akifa mashine inakumbuka tarehe, na ukirudi inalinganisha. Na kwa kuwa tarehe tulijaza wenyewe kila asubuhi, mtu yeyote angeweza kudanganya akaongeza siku. Sikilizeni: hakuna aliyedanganya. Hata mara moja.

Wa kwanza kufa alikuwa Ndolo. Chui alimpata kwenye msitu, tena kwa uzembe wake. Kioo kikaandika: Ndolo amefariki. Tuko matangani. Tutaonana baada ya siku tatu. Ndolo akasimama amejishika kiuno.

"Kwa hivyo mimi nimekufa na nyinyi mnanitazama?"

"Kaa chini, marehemu," mmoja akamwambia.

"Nani analeta sukari?"

"Wewe una lori."

"Haki ya Mungu! Mimi ndiye maiti, na bado natumwa sukari!"

Lakini aliileta. Kilo mbili. Watu walikuja saa kumi siku zote tatu ingawa hakukuwa na kitu cha kucheza, wakanywa chai, wakamsimulia Ndolo mbele yake mwenyewe, mabaya yake kwanza. Nilikaa pale nikaona nimetengeneza kitu ambacho hakuna mtu mwingine ametengeneza. Majivuno hayo yalikuwa ya haki. Yalinigharimu baadaye, lakini yalikuwa ya haki.

Sasa niseme la Abdalla, kwa sababu hapo ndipo penyewe. Abdalla ni kaka yake Bi Rukia, muuza simiti na mabati. Nyumba ya baba ilikuwa mkononi mwake. Mwanzoni mwa 1997 alikuja, akasimama mlangoni, hakukaa. Alisema stoo yake imejaa, simiti inanyeshewa, na chumba hiki kinakaa watu wazima wanaoomboleza chui. Kazi ya chapa ilikuwa imepungua, maana wengine mjini walishapata kompyuta. "Rukia, mimi si mtu mbaya," alisema. "Mpaka Idi kubwa. Kama mchezo huo umepata mnunuzi, chumba ni chako, sitakuuliza tena maisha. Kama hakuna, natia simiti." Bi Rukia hakuwa na mume wala chumba kingine. Chumba kile kilikuwa ndiyo kazi yake, jina lake na mlango wake wa kufunga mwenyewe. Sote tulijua.

Na wakati ule ule dunia ya gemu ilikuwa inageuka chini ya miguu yetu. Karibu na stendi palifunguliwa chumba kingine, chenye mashine mpya mbili na gemu za sidii. Nilikwenda kutazama. Nakiri niliogopa. Pango sasa unaliona kwa macho, kuta zina unyevu, moto unacheza, mlango ukifunguka unasikia bawaba. Watu sita hawapo, yuko mmoja. Huhesabu, unabonyeza panya na upanga unakata. Ramani inajichora yenyewe pembeni unapotembea. Na mtu akifa anaamka pale pale alipoangukia, hana hata kikohozi.

Ndolo alihama. Alikuja kuniambia mwenyewe, kwa sababu ni mwanamume. "Mwakio, mimi ni dereva. Nalala Voi siku moja kwa wiki. Nikifa kwako siku hiyo, nimekufa mwezi mzima."

"Usife basi."

"Si chui wako ni mwongo! Anatoka popote!"

Alicheka, mimi sikucheka. Walifuata wengine. Baada ya siku mbili Bi Rukia akaweka kalamu chini.

"Tupunguze matanga, Baba Wakesho. Siku moja. Au saa moja. Mnunuzi hatangoja siku tatu."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana nikiwa na chumba."

Nilimwambia matanga ya saa moja si matanga, ni chai. Nilimwambia gemu isiyoweza kukufanya ungoje haijakufanya kitu. Maneno mazuri. Mpaka leo naona ni ya kweli. Lakini chumba hakikuwa changu, na mtu anayetetea kanuni kwa chumba cha mwenzake hapati hasara kubwa. Hilo sikuliona wakati ule. Nililiona nilipokuwa nimechelewa.

Zilikuwa zimebaki siku tisa Idi ifike tulipokwenda Mombasa, mimi na yeye na diski nne ndani ya bahasha. Mwenye duka la kompyuta aliitwa Bwana Hemed, mtu mpole mwenye miwani ya kamba, jamaa wa mbali wa mama yake Bi Rukia. Alitukaribisha, akatuletea soda, akatia gemu kwenye mashine mojawapo ya dukani, akakaa mwenyewe. Nataka muelewe kwamba alitaka kuipenda. Alisoma Kiswahili chake kioo kizima akatabasamu. "Hii sijaiona popote," alisema. Alitaja watu wake sita kwa majina ya watoto wake. Akawaingiza msituni.

Dakika kumi hazikufika, chui.

Na mtoto wa mwisho ndiye aliyekufa. Kioo kikaandika jina la mtoto wake, kikaandika amefariki, kikaandika tutaonana baada ya siku tatu. Bwana Hemed alibonyeza kitufe. Akabonyeza kingine. Akazima, akawasha. Tuko matangani.

"Imekwama?" akauliza.

"Haijakwama," nikasema. "Inaomboleza."

Bi Rukia alikuwa amesimama karibu naye. Alisema kwa upole, "Si kitu, mjomba, naweza kuisogeza," akanyoosha mkono kwenye kibodi. Nilijua anachotaka kufanya. Kubadilisha tarehe, siku tatu mbele, sekunde tano za kazi, na yule mtu angeendelea kucheza. Mimi niliuweka mkono wangu juu ya vitufe. Huu wa vidole vitatu.

"Tarehe haisogezwi," nikasema.

"Baba Wakesho."

"Voi hakuna aliyesogeza. Kwa nini Mombasa isogezwe?"

Alinitazama tu, na mimi nikautazama ukuta, palipokuwa na kalenda ya kampuni ya mafuta. Wateja wawili walikuwa wameingia wanangoja. Bwana Hemed akasimama, akafuta miwani. Hakukasirika. Alisema kama gemu yenyewe inataka siku tatu, basi na sisi turudi baada ya siku tatu, atacheza tena, atatupa jibu.

Tukangoja. Yeye kwa shangazi yake, mimi kwa Mdawida mmoja Changamwe. Siku ya tatu tulifika dukani kabla halijafunguliwa. Mashine haikuwapo mezani. Kijana wa duka alikuwa ameiuza jana yake kwa mtu wa Malindi, na gemu yetu ndani yake. Bwana Hemed alijishika kichwa, alisikitika kweli. Tulikuwa na diski. Nikamwambia tutie kwenye nyingine. Lakini mashine zote zilizobaki zilikuwa mpya, zenye sidii, na tundu la diski zetu kubwa hazikuwa nalo. "Hata mwenye nayo mwaka huu hatakuwa nayo mwaka ujao," alisema. Alimshika Bi Rukia bega, akamwambia akitaka kazi ya kupiga chapa Mombasa atamtafutia. Bi Rukia akasema hapana, asante.

Tulirudi kwa basi la mchana. Alikaa dirishani. Tulipita Mariakani, tukapita Mackinnon. Basi liliposimama Maungu watu wakanunua maji, ndipo akasema bila kunigeukia, "Ilikuwa tarehe tu."

Nilikuwa na jibu. Siku zote nina jibu. Sikulitoa.

Baada ya Idi, Abdalla alikuja na mkokoteni. Alituachia siku mbili zaidi ya alizosema, lazima niliseme hilo. Bi Rukia alikunja vitambaa alivyofunikia taipu, akafungasha, akauza mashine, akaenda Mboghoni kwa dada ya mama yake aliyeolewa huko, wanakolima kwa mifereji. Mimi niliingia kazini katika kile chumba cha stendi. Nilishika panya, nilifungua sidii zilizokwaruzwa, nikazipaka dawa ya meno zisome. Miaka miwili.

Kwa hivyo nimeziona gemu zote mbili, na nitawaambia tofauti bila kuwabembeleza. Zamani gemu haikukujali. Ulikuja kwake kama mgeni, ukajifunza desturi zake au ukafa. Ilikuwa ngumu mno na mara nyingi ilikuwa mbaya, sitasema uongo: kufa kwa sababu ulisahau kununua kamba si hekima, ni uonevu. Siku hizi gemu inakujua. Inakuonyesha mshale wa kwenda. Inakupa mtu aliyekwisha tengenezwa, mwenye jina lake na hadithi yake, wewe unambeba tu. Inahifadhi safari yako kila dakika, ili usijutie kitu. Nimeona vijana wakimuua mzee wa kijiji ndani ya gemu ili waone atasema nini, kisha wanarudi nyuma dakika moja, mzee yuko hai, wanamsalimu. Ni wazuri hao vijana. Gemu ndiyo imewafundisha kwamba kurudi nyuma kupo.

Macho yalianza kunisumbua mwaka jana. Daktari alisema vioo vimechangia. Alisema nisikae tena mbele yavyo, basi nimetii.

Siku ile niliyotoka kazini mara ya mwisho nilipitia sokoni. Bi Rukia alikuwa pale. Nilikuwa sijamwona tangu mkokoteni. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na magunia ya vitunguu ya Mboghoni mbele yake, mikono imekuwa ya shamba. Alinijua kabla sijamjua, kwa sababu ya macho haya.

"Baba Wakesho. Hujambo?"

"Sijambo, Bi Rukia."

"Wakesho hajambo?"

"Ameolewa."

"Alhamdulillahi." Alipanga vitunguu ambavyo vilikuwa vimepangwa. "Abdalla hata simiti hauzi tena. Chumba kimefungwa kufuli, hakina kitu ndani."

Sikujua hilo. Nilikuwa nimepita mlango ule mara mia nikidhani kumejaa. Nilisimama pale, na neno nililopaswa kulisema lilikuwa moja, fupi, hata mtu wa darasa la tatu analijua. Nilifungua mdomo.

"Vitunguu ni vipi?" nikauliza.

Alinitazama kama alivyonitazama Mombasa. Kisha akacheka kidogo, kwa pua. "Ni vizuri," alisema. "Vya maji ya mfereji. Wataka vingapi?"

Nikamwambia nusu gunia. Nyumbani tuko wawili.

Hivi ndivyo vitu nilivyo navyo leo. Nyumba ya vyumba viwili, bati, ukuta wa matofali mbele na udongo nyuma. Ekari moja isiyofika, ya mahindi na kunde, mvua ikitaka. Mbuzi watano, mmoja kiwete. Redio moja, inafanya kazi. Bisibisi tatu. Madaftari kumi na manne ya miraba. Diski nne, ambazo hakuna mashine Voi ya kuzisoma, nimeuliza. Miwani ambayo hainisaidii. Na nusu gunia la vitunguu jikoni, ambavyo mke wangu anasema vitaoza, na mimi nimemwambia aviache hapo hapo vilipo.